Kalunguyeye Hachoki

Walinilipa kwa sentensi, si kwa saa.
Chumba cha kurekodia kilikuwa ghorofa ya tatu, Kutaisi,
kuta zimevikwa magodoro makuukuu,
na kijana aitwaye Vakhtang nyuma ya kioo
akininyooshea vidole: moja, mbili, sema.

Nilisema Vyema! kwa namna kumi na mbili.
Vyema ya kushangaa. Vyema ya kunong'ona.
Vyema ya mtu aliyeiokota pete aliyokwisha kuililia.
"Ongeza sukari," alisema Vakhtang.
"Kumbuka, kalunguyeye hachoki."

Nami nilikuwa nimetoka zamu ya usiku,
vidole vimekunjamana kwa kufua shuka za hospitali.
Nikaongeza sukari.

Mwisho wa karatasi palikuwa na maneno ya makosa,
ya mtoto aliyegusa tano mahali pa sita:
Usijali, mpenzi. Jaribu tena. Niko hapa.
Hayo niliyasema mara moja tu.
Vakhtang alikaa kimya, kisha akasema: haya tusiyaguse.

Fedha ile ililipa gesi ya Januari,
ikamvalisha Tekle viatu vya theluji,
na chenji ikanunua tableti yenye ufa pembeni,
ndani yake, bure, kama kibaba cha nyongeza,
mchezo wa kalunguyeye.

Bibi yake, Tsiala, hakuukataa.
Aliupimia kwa chungu cha maharage:
yakianza kutokota, washa; yakiiva, zima.
Ila maharage ya siku hizi, alisema, magumu kama mioyo ya wenye nyumba,
naye husinzia kabla hayajaiva.

Kila Jumapili mchezo uliniletea ripoti kwenye simu.
Tekle, miaka minne na nusu.
Rangi: hodari. Maumbo: hodari.
Kuhesabu: anakwama kwenye sita. Anahitaji msaada.
Niliisoma nimesimama kati ya mashine mbili za kufulia,
nikajilaumu mpaka povu likafurika.
Sita! Mtoto wa mama anayehesabu shuka
mia tatu kwa zamu, bila kalamu.

Ijumaa moja umeme ulikatika, tukarudishwa mapema.
Nikapanda ngazi. Mlangoni nikasikia mtu anaongea na mwanangu,
mwanamke mchangamfu, aliyelala akashiba usingizi.
Ilinichukua pumzi tatu kumtambua.

Nikachungulia.
Kwenye kioo, plamu sita juu ya sahani.
Kidole cha Tekle kilifika kwenye sita, kikasita,
kikarudi kwenye tano
taratibu, kama mtu anayejua aendako.
Usijali, mpenzi. Jaribu tena. Niko hapa.
Akafumba macho.
Tano.
Usijali, mpenzi.
Tano.

Na miguuni pa bibi aliyesinzia, sakafuni,
lozi zilikuwa zimepangwa sita sita,
safu saba,
hakuna hata safu moja iliyopungukiwa.

Nilivua viatu. Nikaketi chini na koti langu mwilini,
nanuka sabuni ya hospitali.
Akanitazama, akatazama tableti, akanitazama tena.
"Nihesabie," nikasema, kwa sauti niliyobakiwa nayo.
Akaanza, kidole juu ya lozi:
moja, mbili, tatu, nne, tano,
"saba,"
na jicho la pembeni likanisubiri.

Nikakohoa.
Usijali, nikasema. Jaribu tena, niko...
"Siyo hivyo," akasema Tekle. "Umeharakisha.
Na umesahau mpenzi."

Akaniwekea lozi moja kiganjani,
akavikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja,
vyote vitano.
"Jaribu tena," akasema. "Niko hapa."

Jikoni maharage yalikuwa yanaungua.